Ndimu ya Fowsiya

Mimi sina subira na wavivu, na siku ya kwanza nilipomwona Mzee Abdow nilimhesabu mmoja wao. Alikuwa amekaa juu ya gogo karibu na ua wetu, bakora imelala mapajani, macho yamekwenda mbali, na binti yake Idman anahangaika peke yake kufunga vijiti vya nyumba yao. Nikapita na ndoo yangu kichwani, nikasonya. Idman akanisikia. Jioni akaja mlangoni kwangu, mpole, akanieleza kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba baba yake si mvivu. Ngamia wake thelathini na mbuzi wake wote walikufa kwa ukame kule nyuma ya Balambala, mkewe naye akafuata kwa maradhi, na tangu siku hiyo hajui afanye nini na mikono yake. Niliona aibu, nikamkaribisha chai, na chai yenyewe nikasahau kuitia sukari.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, Garissa, katika mmoja wa ile mitaa wanayoiita bula, upande wa soko la mifugo. Mimi ni mtu wa mto. Kwetu ni huko chini, karibu na Hola, na watu wa kwetu hawajui kuishi bila jembe. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kuvuta maji, ndiyo kazi iliyotuleta mjini na binti zetu wawili, Sabrin na mdogo wake. Nyuma ya nyumba nilikuwa na kiwanja cha kutandika mikeka minne hivi, nimekijaza bamia, kunde, nyanya na mipapai miwili. Si kwa biashara, ni kwa raha yangu tu. Nikikosa kushika udongo asubuhi, siku nzima nagombana na watu. Mume wangu alinijua, akiona nimeamka nimekunja uso huniambia, "Nenda bustanini kwanza, halafu tuzungumze."

Sasa, wafugaji wa kule na jembe hawapatani. Mwanamume wa ngamia kulima ni fedheha, na sisi watu wa mto wametucheka kwa majembe yetu tangu enzi za mababu, huku ndizi zetu wanazila. Kwa hiyo nilipomwona Mzee Abdow amesimama nje ya ua wangu wa miiba, ananitazama nikimwagilia, nilijua amekuja kunicheka. Nikampa mgongo. Kesho yake akaja tena, akasimama vilevile. Siku ya tatu akanyoosha bakora kwenye mche mmoja wa nyanya pembeni.

"Mama Sabrin," akasema, "hii mdogo iko na kiu."

"Umejuaje, Mzee?"

"Masikio imeanguka."

Na kweli nilikuwa nimeusahau. Nikamwagilia mche ule huku nacheka peke yangu, na nilipogeuka nikaona na yeye anacheka, meno mawili ya mbele hana. Nikampa jembe langu la zamani lenye mpini mfupi, na mbegu ndani ya kopo la maziwa. Nikamwambia upande wa pili wa ua ni kiwanja kile kile, udongo ule ule, ajaribu.

Jamani, nimefundisha watu wengi kulima, lakini mwanafunzi kama yule sijapata. Samadi aliijua kuliko mimi. Alikuwa akiifinyanga mkononi na kuniambia hii ni ya mbuzi aliyekula majani mabichi, hii imezeeka, hii itaunguza mizizi. Ua wake aliufunga kwa miiba kama zizi, mbuzi wa mjini wakabaki nje wanalia. Kasoro yake ilikuwa moja. Sukuma wiki ukisia mbegu zake, miche huota imebanana, na sharti ung'oe mingine ili inayobaki ipumue. Nilipomwambia hivyo alikataa.

"Mimi nimeacha ngamia thelathini huko kwa jua," akasema. "Hii ndogo-ndogo siui."

Basi akakaa siku tatu anahamisha mche mmoja mmoja, kila mmoja na kashimo kake, mpaka bustani ikafika mlangoni kwa Idman na mtu akitaka kuingia nyumbani ni lazima aruke sukuma wiki. Idman alinung'unika, lakini kwa tabasamu. Kwa mipapai, hapo Mzee alinishangaza. Nilianza kumweleza kwamba mipapai dume haizai, hukatwa, ukabakizwa mmoja tu wa kupandisha majike, na hakuningoja nimalize. "Kama ngamia," akasema, akaenda kuchukua panga.

Kila jioni kabla ya swala ya magharibi alizunguka akihesabu mimea yake. Mifugo aliihesabu hivyo maisha yake yote, na hakuona sababu ya kuacha. Akimaliza huniambia kutoka ng'ambo ya ua, "Yote imerudi," nami humjibu, "Ingekwenda wapi, Mzee?" Mzaha wetu ulikuwa huo, kila siku ya Mungu, na hatukuuchoka.

Wanaume walimsema. Jirani yetu Yarow, mchuuzi wa mbuzi, alikuwa na mdomo mchafu, akipita hupaza sauti, "Abdow, leo mifugo yako umeichunga wapi?" Mzee humjibu bila kuinua kichwa kwamba mifugo yake ina adabu, haitoroki. Haukupita mwezi, mke wa Yarow akaja na sahani kuomba nyanya. Mzee akaijaza. Akaja tena, ikajazwa tena. Yarow akala nyanya zile na mdomo ukapoa, na mimi nilihakikisha kila nikimwona namwuliza kama mchuzi ulikuwa mtamu.

Lakini si nyanya ninayotaka kuieleza. Idman aliniambia kwamba tangu mama yake afe, baba yake alikuwa halali; anakaa tu kitandani mpaka alfajiri. Baada ya mavuno yale ya kwanza akaanza kulala. Akaanza kula. Na asubuhi moja Idman akaja mbio kunishika mkono, tukasimama nyuma ya ua, tukamsikia mzee yule anaimba taratibu huku anamwagilia. Ni nyimbo wanazoimbia ngamia kisimani wakiwanywesha, Idman akaninong'oneza. Alikuwa hajamsikia akiziimba tangu ukame. Tukasimama pale wanawake wawili, mimi nikafuta macho kwa kanga, na nikajipongeza moyoni kwamba kazi hii nimeifanya mimi. Kujipongeza kule nimekujutia sana baadaye.

Idman akaolewa na Hamze, kijana mtulivu, dereva wa lori la Wajir na Mandera. Wakakaa palepale kwa Mzee, kwa sababu Hamze siku nyingi yuko njiani. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tano wakapata mtoto wa kike, wakamwita Fowsiya.

Kwao mtoto akizaliwa hupewa mnyama wake. Wanasema ni kumfungia kitovu: ngamia jike au mbuzi, na mnyama yule na vyote atakavyozaa huwa mali ya mtoto. Hasa wanawafanyia watoto wa kiume. Siku ya saba watu walikuja kula na kunywa chai, na wote walijua Mzee Abdow hana hata kwato moja. Nikaona Yarow anangoja kwa hamu. Mzee akasimama, akawaomba wageni wamfuate nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mche wa mndimu, urefu wa goti, niliomletea kutoka kwetu Hola. Ameuegemeza kwenye kijiti, na kwenye kijiti amefunga kitambaa cheupe, na ndani ya kitambaa kile mna kitovu cha mtoto kilichodondoka.

"Hii ni ya Fowsiya," akasema, kwa Kisomali kisha kwa Kiswahili ili na mimi nisikie. "Na yote itazaa."

Yarow akaguna. Bibi mmoja mzee akamgeukia na kumtazama mpaka akainamisha kichwa. Idman alilia kwa furaha, na mimi nikamwambia Mzee kwamba mche ule ni mchanga, utachukua karibu miaka mitatu kuzaa. Akasema ngamia naye hazai kesho.

Nilimfundisha kuutunza. Nilimwonyesha kuchimba duara kuzunguka shina, kama sahani, ili maji yasikimbie. Yeye akaongeza la kwake: udhu wake wote, mara tano kwa siku, akautawadhia pale, analeta birika, anachuchumaa ukingoni mwa sahani ile, na kila tone linaanguka kwenye mizizi. Mndimu ule ulinyweshwa kwa udhu, wallahi, na ukakua majani yanang'aa.

Mtoto akakua nao. Mchana kutwa alikuwa kwangu, na binti zangu, kwa hiyo Kiswahili kilimjia sawa na Kisomali. Mimi nikikaanga mandazi huwakanya watoto wasinimalizie sinia: "Moja tu!" Fowsiya akalishika neno hilo, likawa jibu lake la kila kitu. Ukimwomba busu, moja tu. Ukimwambia alale kidogo, moja tu. Na babu yake, kwa kuwa mti ni wa mtoto, hakuthubutu kuugusa bila kumwomba mwenyewe. Asubuhi akitaka majani ya mndimu ya kutia kwenye chai, huenda kwa mtoto, anapiga magoti mbele yake, mzee mzima, anasema, "Fowsiya, naomba jani."

Mtoto anafikiri. Anaangalia mti. Kisha anasema, "Chukua, Awoowe. Moja tu."

Awoowe ni babu. Na Mzee huchuma jani moja, moja kwelikweli, anakwenda kunywa chai yake na jani moja linaelea. Nilimwambia aibe la pili, mtoto hajui kuhesabu. Akaniambia mali ya mtoto haiibiwi. Nikamwona amekuwa mtoto mwenyewe, na nikampenda kwa hilo.

Mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na saba, mndimu ukatoa maua. Na mwezi huohuo mvua ikaanza, ile mvua ambayo hata leo watu wanaitaja kwa jina lake, Elnino. Siku za kwanza tulifurahi kama wendawazimu, watu wanasimama nje wanalowa kwa makusudi. Kisha haikukatika. Mto ukapanda ukameza mashamba ya kandokando, barabara ya Nairobi ikakatika, ya Wajir ikawa tope tupu, na Hamze na lori lake wakakwama huko njiani tusijue wako wapi. Nyumba zetu zilikuwa kwenye mwinuko, tukasalimika na mafuriko. Na mbu. Sijapata kuona mbu wa namna ile, ukifungua mdomo kusema wanaingia.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mtu wa mto, mvua ikizidi, anafungua njia maji yaende zake. Ndiyo kazi ya kwanza. Nikabomoa kingo za sahani zangu zote, nikachimba mfereji, nikamwaga kila kopo. Nikatazama ng'ambo ya ua, nikaona Mzee Abdow anafanya kinyume. Ameinua kingo za sahani ya mndimu zaidi, ameipaka udongo wa mfinyanzi. Ametoa mapipa mawili, sufuria, madebe, matairi mawili ya Hamze, beseni la kuogea mtoto, vyote amevipanga chini ya paa vinajaa. Anakimbia huku na huku kwenye mvua, amelowa chapachapa, anacheka.

"Mzee, fungua hiyo sahani maji yatoke," nikamwambia. "Na hayo mapipa, au uyafunike au uyamwage. Maji yakilala yana madhara."

Akanitazama kwa kunihurumia, kama mtu asiyejua dunia. "Maji kumwaga, Mama Sabrin? Maji?" Akaniambia jinsi ngamia wake wa mwisho alivyokufa amepiga magoti kwenye bwawa lililokauka, analamba tope, na yeye Abdow akaapa kwamba Mungu akimpa maji tena hatamwaga hata kikombe. "Jua itarudi," akasema. "Fowsiya yake mti itakunywa miezi sita."

Ningeendelea kubishana. Kila siku najiambia ningeendelea. Mimi ni mgomvi, kila mtu anajua, nagombana na wauza mkaa, nagombana na mume wangu kwa chumvi. Siku ile moja iliyotaka ugomvi nikamwonea haya mzee kwa sababu ya ngamia wake. Nikasema haya, inshallah, nikaingia ndani.

Fowsiya aliugua wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili. Jumatatu homa, tukadhani ni baridi. Jumanne akawa anakataa kumeza hata maji ya kijiko. Tukambeba hospitali, mimi na Idman kwa zamu, tope magotini, tukakuta watu wamelala mpaka nje barazani. Walimpa dawa waliyokuwa nayo. Malaria imepanda kichwani, wakasema. Mzee Abdow alichuchumaa kando ya mkeka wake siku mbili, hakula. Alikuwa amemletea ua la mndimu, amelishika kiganjani, akisema, "Fowsiya, nilichuma bila kuomba. Nisamehe. Moja tu." Alfajiri ya Alhamisi mtoto akavuta pumzi ndefu, nikangoja nyingine, haikuja. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu.

Tulimzika siku hiyohiyo kwenye mvua. Hamze alifika baada ya mwezi mmoja na zaidi, lori amelitelekeza, ametembea na kupanda trekta za watu, na mkobani alikuwa na viatu vidogo vya mtoto vya rangi nyekundu. Siwezi kusema zaidi juu ya viatu vile.

Wiki moja baada ya mazishi alipita bwana afya, anakagua nyumba hadi nyumba. Hakumjua Mzee, hakujua kama pale kuna msiba. Akachota maji ya pipa kwa kikombe cheupe, akatuonyesha viluwiluwi vya mbu vinavyojikunjakunja, vimejaa. Akaenda kwenye sahani ya mndimu, humo navyo. "Hawa ndio wanaowaua watoto wenu," akasema, akaandika kitu kwenye karatasi, akaenda nyumba ya pili.

Idman alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia pipa. Akaangalia mndimu. Akamwangalia baba yake.

"Aabo," akasema, "maji yako."

Aliingia ndani, akafunga nguo zake kwenye shuka, akahamia kwa mama mkwe wake, bula ya pili, na hakugeuka nyuma. Mimi nilimfuata huko mara mbili. Nilimwambia Garissa nzima ilikuwa bwawa, mbu walikuwa kila mahali, hawakungoja pipa la baba yake, watoto wamekufa hata kwenye nyumba ambazo hazina kopo. Akaniambia, "Najua, Mama Sabrin. Lakini kitanda yake ilikuwa karibu na hiyo." Nikataka kumwambia kwamba sahani ile ni mimi niliyemfundisha baba yake kuchimba, lawama anigawie na mimi. Ulimi haukunyanyuka. Leo ndiyo mara ya kwanza naitamka.

Mzee Abdow siku ile Idman alipoondoka alimwaga maji yote. Pipa baada ya pipa, debe baada ya debe, analaza chombo taratibu ubavuni na kuyatazama maji yakienda. Akabomoa sahani ya mndimu kwa mikono. Kisha akaanza kung'oa. Nyanya, bamia, sukuma wiki, zile alizozihamisha mche mmoja mmoja kwa kuwa hawezi kuua, akazing'oa zote, moja moja, na kuzilaza kwa mstari. Nilishika ua nikamsihi aache. Hakunisikia. Alipofika kwenye mndimu akasimama, kwa sababu ule haukuwa wake wa kung'oa.

Basi akauacha, lakini maji hakuupa. Udhu akawa anakwenda kutawadhia msikitini, nyakati zote tano, anajikokota na bakora yake, ili tone lolote lisianguke pale nyumbani. Magharibi ikifika anakaa juu ya gogo lake lile la kwanza na hana cha kuhesabu. Nilizoea kusimama kando ya ua kwa saa ile, na mara moja mdomo ukaniponyoka, nikasema, "Yote imerudi, Mzee?" Akanitazama. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Mvua zikaisha, jua likarudi kama alivyosema, kali. Mndimu ungekufa. Mimi ndiye niliyeutilia maji, kila Mzee akienda msikitini asubuhi, ndoo moja, nayamwaga polepole yazame yote nisiache hata kidimbwi. Nadhani alijua. Siku moja aliniuliza, "Huyu anakunywa wapi?" nikajifanya napeta mchele.

Kufikia mwezi wa sita zile ndimu zilizotoka kwenye maua ya mwaka jana zilikuwa zimeiva. Za kwanza kabisa, na nyingi kuliko nilivyotegemea, matawi yameinama. Zikawa njano, zikaanza kuanguka. Mzee hakuokota hata moja. Mke wa Yarow akaja kuomba, mumewe tumbo linamsumbua, akajibiwa kwa upole, "Si yangu. Mwenyewe hayuko." Alinijibu hivyohivyo nami. Ndimu zikaoza chini ya mti, nzi wakajaa, watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee akili zimemruka, na amekonda, kandambili zinamvuka miguuni.

Nikaenda kwa Idman mara ya tatu. Nilimkuta anafua. Sikukaa, sikunywa chai.

"Baba yako amekaa mbele ya ndimu zinaoza," nikamwambia. "Anangoja mtoto ampe ruhusa. Usimsamehe kama hutaki, sikuombi hilo. Lakini atakufa pale kwenye gogo, na wewe utakuwa unafua."

Aliendelea kukamua shuka ileile, anaikamua na haina tena maji. Nikaondoka nimekasirika, na nilimkasirikia kwa sababu nilimwelewa.

Alikuja Ijumaa, baada ya alasiri. Nilikuwa bustanini kwangu nikasikia mlango wa ua wa Mzee unasukumwa. Idman akaingia, mtandio wake mweusi umemfunika mpaka magotini. Mzee alikuwa kwenye gogo. Akataka kusimama, akabaki pale ameshika bakora kwa mikono miwili. Hawakusalimiana. Idman akaenda mpaka kwenye mndimu, akasimama kati ya ndimu zilizooza, akagusa kile kitambaa kwenye kijiti, kimekuwa cha kijivu kwa vumbi. Nilijua napaswa kuondoka na sikuweza.

Mzee akasema kitu kwa Kisomali, sauti ndogo. Baadaye Idman aliniambia alisema: sikugusa, zote ni zake, zihesabu.

Idman akageuka. Baba yake na yeye maisha yao yote walizungumza Kisomali, sijawahi kuwasikia wakisemeshana Kiswahili hata kwa mzaha.

"Chukua, Awoowe," akasema. "Moja tu."

Mzee Abdow akalia. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hakulia kaburini, bakora ikaanguka, na Idman hakwenda kumshika. Alibaki palepale chini ya mti, uso ameufunika kwa mtandio, mabega yanatikisika. Kisha Mzee akainuka kwa shida, akatembea mpaka mtini, akachuma ndimu moja, akaitia mfukoni. Wakasimama kando kwa kando, hawakugusana. Baadaye Idman akaingia ndani akatoka na birika, akaliweka chini karibu na shina, akaenda zake kwa mama mkwe.

Hakurudi kukaa pale. Alikuwa akija siku za Ijumaa, anasema neno lile la mtoto, wanakaa kidogo, anaondoka. Kama alimsamehe mimi sijui, na sikuthubutu kumwuliza. Mzee alirudi kutawadhia penye mndimu, ila sahani hakuichimba tena, na bustani hakuipanda tena, ingawa mbegu nilimwekea juu ya ua mara ngapi. Tulihama Garissa mwisho wa mwaka wa tisini na tisa, mume wangu alipopelekwa kituo kingine. Mpaka siku ile tunapakia vyombo, mndimu ulikuwa umejaa, na nyumba ile ilikuwa ikichuma ndimu moja kila Ijumaa. Nyingine zilianguka zenyewe, na Mzee alizifagia.